M Moja

Kibanda changu kiko Rengua, mlango wa bluu,
kati ya duka la dawa na fundi saa.
Nachapa, natoa kopi, najalidi.
Mwezi wa sita ndio mavuno yangu:
wanafunzi wanakuja na flashi shingoni kama hirizi,
macho mekundu. "Kaka, kesho saa nne nakabidhi."

Sijasoma sana, ila nimesoma tasnifu nyingi,
mashine ikipoa.
Ndiyo maana naijua sentensi ya mtumba.
Kiboriloni ukinunua koti huulizi lilivaliwa na nani;
unakung'uta, unavaa, baridi haina maswali.
Lakini geuza kola: kuna jina
limeshonwa kwa uzi mwekundu,
na mama wa mahali fulani aliyeogopa lisipotee.

Aikande alikuja Jumanne, mvua inachapa bati.
Dakta Kileo amemzungushia mstari mmoja,
pembeni kaandika: Nani kasema?
Mstari naufahamu. Unasema:
Maji hayana mwenyewe, lakini zamu ina mwenyewe.
Nimeshaujalidi mara nne, majalada ya rangi nne.
Wa nne kamnukuu wa tatu,
wa tatu kamnukuu wa pili "na wenzake"
(wenzake hao hawajawahi kuja kulipa),
wa pili hakumtaja mtu,
na wa kwanza kaandika tu: Wazee husema.

Wazee! Kama vile wazee ni kwaya,
wanafumbua kinywa kwa ishara ya fimbo.

Akapanda Uru kwa mabuti ya kuazima,
akauliza mlango kwa mlango, mgomba kwa mgomba.
Siku tatu kimya.
Akarudi na udongo hadi magotini
na jina kamili: Ngianasia Tesha,
miaka themanini na kitu, mbuzi wawili,
anamkumbuka kijana aliyekuja na daftari mwaka ule wa ukame,
akanywa chai vikombe vitatu,
akaahidi kuleta kitabu.
Hakukuja kitabu.

Bibi akasomewa maneno yake.
Akacheka, kisha akanuna.
"Sikusema hivyo. Nilisema zamu ina wenyewe.
Mfereji tulichimba ukoo mzima.
Huyo mwenyewe mmoja mmemtoa wapi?"

Hapo mikono yangu ikaacha kibodi.

M moja.
Miaka kumi na miwili nyuma, ile tasnifu ya kwanza
niliichapa mimi, kutoka mwandiko wa mkono,
usiku, umeme unakatika na kurudi,
mshumaa kwenye kizibo cha soda.
Huenda kijana alisikia vibaya.
Huenda ni kidole changu hiki.
Daftari lilishafungiwa maandazi, nani atalitazama?
Lakini M hiyo imepewa mwaka na ukurasa,
imetetewa mbele ya jopo,
imevaa joho, imepigwa picha na wazazi.

Nilimwambia Aikande.
Akanitazama kitambo. "Nikuweke kwenye shukrani
au kwenye makosa ya uchapaji?"
Tulicheka, si sana.

Tukaitoa M. Tukafungua semi, tukafunga semi,
ndani yake hatukugusa kitu.
Nyuma, kwenye marejeleo, nikachapa polepole:
Tesha, N. Mahojiano ya ana kwa ana, Uru.
Alfabeti haijui vyeo:
imemketisha bibi kati ya Profesa Swai na Profesa Urassa,
na wote wamesogea kumpisha.

Zilitakiwa kopi tano. Nilitoa sita.
Ya sita sikutoza, jalada la kijani,
itapanda Uru Jumamosi na mjukuu wake.
Ukurasa wa arobaini na moja
nimeukunja pembe.